Kalafati Yangu Haikuvuja

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kulizungushazungusha, maana najijua. Nikiachiwa kurasa mbili tu, wewe msomaji utaondoka hapa ukinionea huruma na ukimlaani mtu mwingine. Nimekwisha kulifanya hilo mara moja, na nililifanya vizuri sana.

Mimi ni mkalafati, mziba nyufa za vyombo vya bahari, hapa Mahajanga. Baba yangu alikuwa mkalafati, na babu yangu aliyetoka Ngazija alikuwa mkalafati. Nipe jahazi linalokunywa maji kama ng'ombe, nipe pamba, sifa, yaani mafuta ya papa, chokaa, patasi na nyundo, kisha nenda zako ukalale. Ukirudi utaweza kulala ndani ya ngama, chini kabisa ya chombo, bila kulowa kanzu. Sijisifu. Au tuseme najisifu, ndiyo sababu ya barua hii.

Utauliza kwa nini naandika Kiswahili, ilhali nyumbani kwangu ni Kikomoro na Kimalagasi tu, na Kifaransa kwa wenye vyeti. Nilikipata kwa baba na kwa watu wa vyombo vya kaskazini, na gazeti lenu hunifikia bandarini likiwa limefunga vitunguu. Hiyo ndiyo sababu ya heshima. Sababu yenyewe ni kwamba mke wangu na ndugu zake hawasomi Kiswahili. Naam! Nimevuka bahari nzima kutafuta watu wa kuungama kwao, nikahakikisha kwanza kwamba si wale niliowakosea. Sasa umeshajua unaongea na mtu wa namna gani.

Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka mitatu. Vazaha mmoja, Mzungu wa forodha, niliyekuwa nikimtengenezea kimashua chake cha kuvulia, alifungasha virago kurudi kwao, na siku ya kuaga akanipa mtungi wake wa kuchemshia maji kwa umeme. Mtungi mkubwa mweupe, umepakwa rangi ya kung'aa, wa kutundikwa ukutani. Unafungua bomba, maji yanatoka moto! Mtaa wetu wote ulikuwa na mitungi, lakini ya udongo.

Mwaka huohuo Zaina, mke wangu, akashika mimba baada ya miaka saba ya kungoja. Miaka saba, ndugu yangu! Nilikuwa nikienda kazini naimba peke yangu.

Kwa desturi, mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Mama yake Zaina yuko Nosy Be, mji wa Dzamandzar, kule kwenye kiwanda cha sukari. Mimi sikutaka. Nimengoja miaka saba, halafu mtoto wangu aje kusikia sauti ya kwanza kiwandani kwa watu? Nikamwandikia mama mkwe kwamba Zaina atazalia kwangu. Alijua kuwa mzazi hupashwa moto siku zake zote arobaini, wenyewe wanaita mifana, akaogeshwa asubuhi na alasiri kwa maji ya moto kweli. Nami nikamjibu kabla hajauliza: kwangu, mama, maji ya moto yanatoka ukutani.

Akajibu kwa mstari mmoja kwamba anakuja kuuona huo ukuta.

Kabla yake akaja Madi, kaka yake Zaina. Madi ni fundi wa matangi ya mvuke kule kiwandani. Mtu mfupi, mkimya, vidole vyake vina makovu ya moto tangu ujana. Alikuja kwa meli, akakaa siku mbili, akautundika ule mtungi kwenye bafu letu la uani, akaunganisha bomba na umeme, akanawa mikono. Kisha akanishika bega na kunionyesha vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa koki ndogo ya shaba chini ya mtungi, mdomo wake ukitazama chini. Cha pili ni kidude cha pembeni kinachokata umeme maji yakishapata moto wa kutosha.

"Shemeji," akasema, "maji yakipata moto yanataka nafasi. Hii koki itadondosha tone, tone, tone. Usiiguse. Weka kopo chini, basi. Na hiki kidude kikikata, kimekata. Usikilazimishe."

Nikamjibu, "Nimeelewa, shemeji."

Mtu hawezi kuelewa kwa haraka vile! Nilikuwa namsindikiza tu aondoke, maana watu walikuwa wameanza kujaa mlangoni kuutazama mtungi wangu.

Zaina akajifungua salama, mtoto wa kiume. Tukamwita Ali. Mama mkwe alikwisha fika, na mizigo yake ilikuwa na sufuria kubwa jeusi kwa masizi. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hilo umelibebea nini?"

"La kupikia wali wako, mwanangu," akasema.

Siku ya kwanza ya kumwogesha mzazi, nikafungua bomba mbele yake kwa madaha. Maji yakatoka na mvuke wake. Mama mkwe akakunja mkono wa nguo, akatumbukiza kiwiko, akatulia kama anayesikiliza kitu.

"Tsy mety," akasema. Haifai. "Hii ni supu iliyopoa."

Nikaumia, lakini nikameza. Kisha akainua kidole tusikilize. Tone. Tone. Tone. Lilikuwa linagonga kopo.

"Na hii?"

"Inavuja kidogo, mama. Madi kasema..."

"Inavuja!" Akageuka kwa jirani zake wapya, wanawake watatu waliokuwa wameshika taulo. "Jamani, njooni muone. Mkwe wangu anaziba meli za watu zisizame, bafuni kwake kunavuja!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alikuwa anatania tu, mkwe wa kwetu ana ruhusa ya kutania. Lakini jioni ile nikaenda barazani kwa wanaume, nikakuta maneno yameshafika kabla yangu. Mmoja akaniuliza kama nina nafasi ya kuziba chombo chake, au nimeshikwa na kazi za nyumbani. Mwingine akafanya kwa mdomo: tone, tone, tone.

Wewe usiyekuwa mkalafati huwezi kujua. Kwetu sisi, maji yanayopita mahali ulipoweka mkono wako ni aibu. Baba yangu aliwahi kurudi Katsepy, ng'ambo ya ghuba, bila kuitwa, kwa sababu alisikia kwamba mashua aliyoitengeneza ilionekana na unyevu. Unyevu tu! Mimi nimelelewa hivyo. Madi amelelewa na mvuke. Aliniambia usiguse, lakini ni sawa na kumwambia paka asitazame samaki.

Siku ya tisa, asubuhi, nikaingia bafuni na mkoba wangu wa kazi.

Sikuzima umeme. Sikungoja maji yapoe. Niliunguza kidole gumba nikakinyonya, nikaendelea. Nikachonga kijiti cha mkoko kikakaa sawasawa kwenye mdomo wa ile koki. Nikakizungushia pamba niliyoiloweka kwenye sifa, nikapiga kwa nyundo ndogo, nikaongeza pamba, nikapiga tena, nikamalizia kwa chokaa na mafuta. Nikafuta kwa kidole. Nikasikiliza. Kimya! Nakwambia ile kazi ilikuwa nzuri. Ningekuwa na mwanafunzi ningemwita aje ajifunze.

Kisha nikakikumbuka kile kiwiko cha mama mkwe na supu yake iliyopoa. Nikakifungua kile kidude cha pembeni, nikakibana kwa kipande cha shaba kisiweze kukata umeme. Sasa ataniambia.

Zaina alikuwa amesimama mlangoni na mtoto.

"Madi alisema usiguse."

"Madi ni mtu wa sukari," nikamwambia. "Hapa ni habari ya maji. Leo alasiri utaoga maji ya moto kweli, na mama yako atanyamaza."

Nikachukua mkoba wangu, nikapanda feri kwenda Katsepy, ambako nilikuwa na mashua ya kumalizia. Kutwa nzima niliwahadithia wavuvi wa huko jinsi nilivyourekebisha mtungi wa umeme kwa pamba. Wakastaajabu. Mmoja akaniomba nikirudi nimwangalie redio yake, na mimi nikakubali.

Feri ilipokaribia Mahajanga alasiri, niliona watu wamesimama gatini wakinitazama mimi. Si feri. Mimi.

Bafu halikuwapo. Mabati yake yalikuwa kwenye uwanja wa jirani wa tatu. Mtungi wenyewe ulikuwa umeruka kwa juu, ukaua kuku wawili na kulala kifudifudi, tumbo limepasuka. Ukuta wa jiko ulikuwa umeinama. Kila kitu kilikuwa kimelowa.

Zaina alikuwa kitandani na mkono wa kulia umefungwa tangu begani hadi vidoleni, akilia bila sauti. Ali alikuwa kwa bibi yake, mzima, amelala.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku ya pili mama mkwe hakuwa akimwogesha Zaina kwa maji yangu hata kidogo! Alikuwa anachemsha yake nyuma ya jiko, kwa kuni, katika lile sufuria jeusi, akimwogeshea chumbani mlango umefungwa, na kwangu wote wawili wanasema ahsante kwa maji ya ukutani. Siku hiyo Zaina alikwisha oga. Alitoka uani kuanika khanga, kamba yetu imepita karibu na bafu, na mtungi ulipopasuka maji ya moto yakamkuta mkononi. Angekuwa ndani ya bafu nisingekuwa na mke wa kumwandikia habari zake. Uasi wa mama mkwe ndio uliomwokoa, na ukaidi wangu ndio uliomchoma.

Na nafsi ilivyo chafu, kuna siku inanishawishi kwamba kosa ni la mama mkwe: angefungua lile bomba mchana, maji yangepungua, mtungi usingepasuka. Unaona? Hata leo!

Lakini ungamo langu halijafika bado. Kuharibu mtungi ni upumbavu, na upumbavu nisingekusumbua nao.

Watu walijaa uani. Kijana mmoja akasema, "Vazaha ametuachia bomu!" Wengine wakapokea. Ndiyo, wameona tumejitawala, wametutilia sumu katika vyombo! Nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyelishuku jambo hilo mapema. Kwa muda wa robo saa nilikuwa mhanga wa ukoloni. Maskini yule mtu wa forodha, alinipa kitu kizima kwa moyo wake mweupe.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kudanganywa kwa mabomu. Akanisogelea na mtoto mkononi.

"Niambie, mwanangu. Imekuwaje?"

Ulimi wangu ulikuwa na njia mbili, na nilikuwa na muda wa kutosha kuchagua. Nilimtazama Zaina kitandani. Nikaona kwamba nikisema kweli atarudi Dzamandzar na mtoto wangu wa miaka saba ya kungoja, na hakuna mtu duniani atakayemlaumu.

"Sijui, mama," nikasema. "Mimi mtungi sikuufunga. Aliyeufunga ni mwanao."

Ole wangu! Hata sauti niliilainisha, kama mtu anayemhurumia shemeji yake. Zaina alijua kwamba niliugusa asubuhi ile. Akaniuliza kwa macho. Nikamwambia nilifuta kutu tu, nikaona koki haikukazwa, nikadhani Madi anajua mwenyewe. Alikuwa na maumivu na alinipenda, kwa hiyo aliniamini. Akaapa kwamba Madi hatambeba mwanawe.

Mama mkwe alikaa chini na mtoto, akatazama ukutani.

Madi alikuja baada ya wiki, meli ya kwanza aliyoipata. Zaina akageukia ukuta. Madi akasimama kidogo mlangoni kwake, kisha akatoka uani kule nilikokuwa nimerundika mabaki. Nilimfuata kwa kiherehere, nikizungumza habari za kutu na za waya. Yeye akachuchumaa, akachambua vyuma kimoja kimoja mpaka akaipata ile koki.

Akaigeuza. Akainusa. Sifa ya papa hainukii kama kitu kingine chochote, na haitoki upesi. Akapitisha ukucha juu ya ile chokaa iliyofutwa kwa kidole. Kila mkalafati ana mkono wake, na hakuna mtu bandarini asiyeujua wangu.

Nilijua kwamba sasa ataniita mbele ya mama yake, na, wallahi, nikaona afadhali.

Madi akaitia koki mfukoni. Akaingia chumbani, akasimama mbele ya mama yake na dada yake, akasema, "Nimeangalia. Kosa ni langu. Nilifunga vibaya. Nisameheni."

Na mimi nilikuwa pale pale, nyuma yake, hatua mbili.

Sikusema kitu.

Nilimsindikiza bandarini, maana ni desturi kumsindikiza shemeji. Kwenye ngazi ya meli akatoa ile koki mfukoni na kuiweka kiganjani mwangu.

"Chukua chako," akasema. "Mtungi umepasuka, bomba limepasuka, ukuta umepasuka. Kalafati yako haikuvuja."

Nilitaka kumwuliza kwa nini alifanya vile. Akaniwahi.

"Dada yangu ana mkono mmoja na mtoto mchanga. Anamhitaji mume kuliko kaka. Ukarekebishe jiko."

Basi nikarekebisha jiko. Mkono wa Zaina ukapona kiasi. Ngozi yake imekunjamana, vidole viwili havifungi vizuri, na akimnyanyua Ali humnyanyua kwa mkono wa kushoto. Tukarudi kwenye sufuria la kuni, ambalo mama mkwe alituachia bila maneno, na halijavuja hata siku moja.

Habari zikafika Nosy Be kabla ya Madi. Zamani alikuwa akiitwa hata na wenye nyumba za pwani kule Ambondrona, kwenda kuwatazamia mitungi yao siku zake za mapumziko. Sasa hawamwiti. Wanasema huyu ndiye aliyemchoma dada yake. Yeye hajibu. Mwaka jana tulikwenda kusherehekea Idi Dzamandzar, Ali anatembea tayari, anamkimbilia kila mtu. Akamkimbilia na Madi. Zaina akamwita, "Ali, rudi hapa!" Madi alikuwa amekwisha inama na mikono wazi. Akajifanya anafunga kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Hilo ndilo lililonishinda, ndugu yangu. Nikala pilau yangu, nikamaliza sahani, na usiku sikulala.

Sasa wewe mwenye mtungi wa namna hii, nisikilize, maana najua kuna mwingine kama mimi anatafuta nyundo sasa hivi. Lile tone si ugonjwa. Mtungi unapochemka lazima utoe kidogo, na mahali pake pa kutolea ni pale. Weka kopo. Hiyo koki ina mkono, uunyanyue mara moja moja uone kama maji yanapita. Yasipopita, hapo ndipo uogope. Ukitaka kuutengeneza zima umeme kwanza, uache upoe, kisha mwite anayejua. Maji yakiwa moto kupita kiasi au mtungi ukianza kunguruma, zima, toka nje, watoe watu. Usikibane kile kidude kinachokata moto, hata mama mkwe wako akitia viwiko vyote viwili na kusema ni supu. Na kama ufundi wako ni wa mbao, baki kwenye mbao.

Nilidhani nimemaliza hapo. Nilikuwa natafuta bahasha Zaina akaja akasimama nyuma yangu. Akaona karatasi zote hizi, na ile koki niliyoiweka juu yake zisipeperuke. Hajui ni kitu gani. Hudhani ni chuma cha kazini.

"Unamwandikia nani maneno yote haya?"

"Watu wa gazeti. Habari za ule mtungi, wengine wajihadhari."

Akaipapasa ile koki kwa vile vidole vyake viwili visivyofunga.

"Ukimaliza, mwandikie na Madi," akasema. "Mwambie nimemsamehe. Alikosea, lakini ni kaka yangu, na mtoto anakua."

Nikasema, "Vyema, nitamwandikia." Naam, nilisema hivyo! Akaniwekea mkono begani, ule wa kulia, akaenda kumlaza mtoto.

Kwa hiyo nimeikunjua tena barua kuongeza haya. Bwana mhariri, jina langu lifiche kama ulivyo utaratibu wenu. Lakini la kwake uliandike kwa herufi kubwa: MADI, fundi wa matangi wa Dzamandzar, alifunga vizuri, na hakukosea kitu. Gazeti likifika bandarini nitampelekea Zaina, nimkalishe, nimsomee kwa lugha ya nyumbani, mstari kwa mstari, nisiruke. Baada ya hapo nitajua kama nina mke.

Ninyi wengine, mkisikia tone, liacheni lidondoke.